Ugoko wa Nembris

Joyce, siku nakukabidhi kitanda cha kuchulia uliniambia niandike ninachokijua, kwa sababu mikono siwezi kukuachia. Tangu hapo nimekaa nyumbani Sombetini nikiandika na kufuta. Mimi ni darasa la saba. Kalamu siijui kama ninavyoujua msuli wa paja, kwa hiyo pale nitakapozunguka nivumilie. Na pale nitakapomsema mtu, ujue nimejaribu kumsema kwa haki, ingawa sina hakika kama nimeweza.

Niliingia kambini kama mpishi, si mchuaji. Kambi wakati ule ilikuwa ile nyumba ya mabati juu ya Ngaramtoni, karibu na msitu, na wakimbiaji walikuwa wachache, wanatosha kwenye sufuria moja. Siku ya kwanza nilipeleka uji mazoezini. Nikakuta vijana wanapanda kilima kwa spidi, wanashuka wakitembea, wanapanda tena. Mmoja alifika juu akatapika, akajifuta mdomo kwa fulana, akageuka kushuka.

"Kocha," nikasema, "huyu anakufa."

Kocha Eliamani hakunigeukia. Alikuwa anaangalia saa yake ya kubonyeza. "Hafi. Anatengenezwa."

"Anatengenezwa kwa kutapika?"

"Mama Anaeli, uji unapoa."

Ndivyo alivyokuwa. Mchaga wa Machame, aliyewahi kufundisha shule ya msingi, mkali, asiyependa kuulizwa. Lakini ukimwuliza mara ya tatu, alikuwa anakaa chini na kukueleza mpaka uelewe, na hakukucheka ukichelewa kuelewa. Nilijua hilo baada ya muda. Mwanzoni nilimwogopa tu.

Wiki hiyohiyo alinituma nikamwangalie kijana mmoja aliyelala mchana, kama ana homa. Homa hakuwa nayo. Nikamshika shingo pale panapodunda, nikasubiri. Pakadunda. Nikasubiri tena, kimya, mpaka nikadhani nimepoteza mahali. Ndipo pakadunda tena. Nilitoka mbio hadi uani nikipiga kelele kwamba moyo wa mtoto wa watu unasimama.

"Wiki hii umeshatuulia wangapi?" Kocha aliuliza. Kisha akanikalisha kwenye benchi akanieleza. Moyo nao ni msuli. Mtu akiuzoesha miaka, unakuwa na nguvu, unasukuma damu nyingi kwa pigo moja, halafu unapumzika kabla ya pigo lingine. Akaniwekea vidole vyangu mwenyewe kwenye kifundo cha mkono wangu. "Sasa sikiliza wa kwako. Umekaa kwenye benchi na moyo wako unakimbia."

Nilikuwa mnene wakati ule, na zahanati walishaniambia nina presha. Kocha akaniamuru nitembee kila alfajiri kabla ya kuwasha moto wa uji, kwanza hadi barabarani na kurudi, kisha mbali zaidi kidogokidogo. Miguu iliniwaka, nikamchukia. Baada ya miezi nikaona napanda kile kilima na ndoo bila kusimama, usingizi ukawa mzito, na zahanati wakaniambia presha imeshuka. Sisemi kutembea kuliniponya. Dawa nilimeza na mpaka leo nameza, na watu wawaambiao wagonjwa watupe dawa wakimbie, mimi siko upande wao. Nasema tu nilichokiona mwilini mwangu.

Kuchua nilijifunza kwa sababu mchuaji wetu wa kwanza aliolewa Moshi na hakuna aliyetaka kushika miguu ya watu. Utaona chombo chetu kikubwa ni kile kitanda cha mbao, mafuta, barafu na taulo. Vingine ni mapambo. Kocha alinifundisha jambo ambalo ningependa ulikumbuke kuliko mengine yote. Maumivu ya msuli yanaenea, ukimwuliza mtu yanauma wapi anakupaka kiganja kizima. Maumivu ya mfupa yanakaa mahali pamoja, mtu anakuonyesha kwa ncha ya kidole. Ukikuta ya namna hiyo usichue, ondoa mikono.

Jambo la pili alikuwa akiwaambia wakimbiaji wenyewe, kila mwanzo wa msimu, wakiwa wamekaa kwenye nyasi. "Mazoezi hayajengi mwili. Mazoezi yanaubomoa. Kinachojenga ni chakula na kulala. Ukibomoa kila siku na hujengi, utabaki na nini?" Vijana walikuwa wanaitikia, "Kifusi, Kocha!" na kucheka. Nami nilicheka.

Sasa nifike kwa Nembris, maana wewe ulisikia kwa watu tu, na watu walisema mengi.

Nembris alikuja kambini akiwa amemaliza kidato cha nne. Kwao ni upande wa magharibi wa Mlima Meru, Oldonyosambu, Waarusha wa ng'ombe na mahindi, Walutheri wa Jumapili zote. Baba yake, Mzee Lomayani, alimleta mwenyewe. Alikuwa msichana wa mashavu na kelele. Akifika kitandani kwangu alikuwa anaanza kusimulia kabla hajavua viatu, na ukimkamua kigimbi cha mguu anakupigia yowe la mbuzi mpaka walioko nje wacheke.

Msimu wake wa pili ulikuwa msimu wa mbio za uteuzi. Watatu wa kwanza wanaingia timu ya taifa. Kila mtu alijua Nembris anaweza kuwa wa tatu, au hata wa pili. Akaanza kupungua. Mwanzoni kupungua kulimfaa, lazima niseme ukweli. Muda wake ulishuka, kilima alipanda kama hana uzito. Kocha alisimama mbele ya wote akasema, "Mtazameni Nembris. Sasa amekaa kimbio, mwili wa mkimbiaji hasa." Alifurahi, na sisi wote tulifurahi.

Halafu yowe la mbuzi likakatika. Alikuwa analala kitandani kimya, amegeukia ukutani. Nilikuta miguu yake ina baridi hata saa sita mchana. Alivaa sweta juani, wenzake wanamtania, "We Nembris, unapanda Meru au?" naye hajibu. Kidonda kidogo cha kisigino kilikaa wiki baada ya wiki bila kufunga. Muda wake haukushuka tena. Ukaanza kupanda.

Maneno yakaanza kwenye bweni la wasichana. Walilala chumba kimoja, wanajuana. Walisema Nembris haoni siku zake. "Kanasa huyo," mmoja akasema kwenye foleni ya chakula, kwa sauti ya kutaka isikike. Sheria ya kambi unaijua: mwenye mimba anarudi kwao. Siku hiyo mchana Kocha akaja kwangu, akafunga mlango wa chumba cha kuchulia, jambo ambalo hakuwahi kufanya.

"Mama Anaeli, wewe ni mzazi. Mwulize."

"Na akisema ndiyo?"

"Mwulize kwanza."

Nembris alipokuja kabla ya mazoezi ya jioni sikuzunguka. Nilimwambia wanachosema. Akainuka akakaa, akanitazama machoni kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

"Mama, mimi sijawahi kulala na mtu. Naapa."

"Sasa siku zako ziko wapi?"

"Zimekatika tu. Dada mmoja aliniambia ni dalili kwamba mtu amekuwa mkimbiaji kweli."

Nilishasikia hivyo hivyo kutoka kwa wakimbiaji wengine kabla yake. Wengi waliamini. "Unakula?" nikamwuliza.

Akajifunika miguu kwa taulo. Kisha akasema taratibu, kwa namna ya mtu anayekabidhi kitu cha watu wengine. Walikuwa wamefunga. Yeye, baba na mama yake. Waliweka nadhiri nyumbani, siku baba alipomwombea: Jumatano na Ijumaa mfungo mkavu, hakuna chakula wala maji mpaka jua lizame, na siku nyingine mlo mmoja, mpaka mbio za uteuzi zipite. Baba yake, mzee yule, alikuwa anachunga ng'ombe Oldonyosambu kwenye vumbi lile bila tone la maji, kwa ajili ya miguu ya binti yake. Na binti yake alikuwa anakimbia asubuhi na jioni siku hizohizo. Chakula chake alikuwa anawagawia wavulana, wanaomshukuru.

"Nikila," alisema, "nimemvunjia baba yangu. Yeye hajala."

Joyce, mimi ni Mlutheri pia. Nimefunga na kuomba, na nitafunga tena. Sikuona kosa la mfungo wala la mzee. Nilichoona ni mguu uliokuwa mbele yangu. Nikamlaza, nikapitisha kidole gumba kwenye ugoko wa kulia, kuanzia chini ya goti, polepole. Nilipofika kidogo juu ya kifundo alivuta pumzi na kuuma taulo. Nikatoa kidole. Nikarudisha palepale. Machozi yakamtoka bila sauti.

"Ni msuli, mama. Chua tu."

"Si msuli."

"Mama, zimebaki siku chache. Ukimwambia Kocha umeniua."

"Leo usikimbie. Nipe mpaka kesho nifikiri."

Filimbi ikapulizwa nje. Nembris akashuka kitandani, akavaa viatu bila kufunga kamba vizuri, akatoka.

Nilimfuata na mafuta mikononi. Walikuwa wameshajipanga uwanjani, jioni ya spidi, Kocha ameshika filimbi. Nilitembea mpaka katikati ya uwanja, mahali ambapo miaka yote sikuwahi kukanyaga wakati wa mazoezi.

"Kocha, mzuie Nembris."

"Kwa nini?"

Wote waligeuka kusikiliza. Nikaona nyuso za wale wasichana wa bwenini zinavyosubiri. Ningesema mambo ya siku zake pale, wangechukua walichotaka. "Mfupa," nikasema.

"Umeuona?"

"Nimeushika."

"Mama anakosea," Nembris alisema haraka. "Kocha, mguu wangu mzima. Naomba nikimbie."

Kocha alitutazama mmoja baada ya mwingine. Nitakuwa mkweli, nilitamani nikosee. Yule ndiye aliyekuwa tumaini lake msimu ule, na mimi ni mchuaji niliyeanza kwenye masufuria. Angeweza kupuliza filimbi na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake akaishusha.

"Nembris, simama hapa mbele. Simamia mguu wa kulia peke yake. Sasa ruka palepale."

Akaruka. Uso haukubadilika. Alituangalia sote, akaruka tena, na safari hii aliuma mdomo. Akakunja goti ili aruke mara ya tatu. Goti likakunjika, mikono ikapanda, mguu haukutoka ardhini. Alibaki amekunja hivyo, anatafuta nguvu mahali ambapo hapakuwa na kitu. Kocha alimshika mkono akamkalisha kwenye nyasi. Hakuna aliyecheka, hata yule wa kwenye foleni.

Hospitalini kwanza walimpima mimba. Hakuwa nayo, na niliwaambia wasichana wote siku hiyohiyo, mmojammoja. Kisha picha. Daktari alikuwa mama kijana, akatuonyesha kwenye mwanga mstari mwembamba, ufa, palepale. Akasema akikimbia na mguu huo, mfupa unaweza kukatika kabisa akiwa barabarani. Alipouliza habari za chakula na siku zake, Nembris alimjibu akitazama ukuta. Daktari hakumfokea. Alisema, "Wewe unajua mgao wa umeme? Mwili wako umeingia kwenye mgao. Kazi ni nyingi, chakula hakitoshi, kwa hiyo unakata huku na huku. Umekata hedhi. Umekata joto, ndiyo maana una sweta. Sasa umekata mpaka ukarabati wa mifupa. Nikikufunga plasta na bado huli, nitakuwa nimeifunga bure."

"Nitakula baada ya mbio," Nembris akasema.

"Mbio hakuna."

"Hata kama hakuna. Nadhiri ni mpaka mbio zipite. Mwenye kuiondoa ni baba."

Hapo ndipo tulipokwama. Alirudi kambini na magongo, na jioni ile tulimwekea sahani mbele akaitazama mpaka ikapoa. Ikawa hivyo kesho yake pia. Hakuwa mkaidi. Ningemjua mkaidi. Alikuwa anamwona baba yake na ng'ombe kwenye vumbi.

Kocha akasema twende. Tulipanda pikapu yake, Nembris katikati. Ilikuwa Jumatano. Njia nzima Kocha alikuwa anabadilisha gia kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Mzee Lomayani alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, midomo imepasuka kwa ukavu. Nembris aliinamisha kichwa kama desturi yao, mzee akamwekea mkono utosini, lakini macho yake yalikuwa kwenye magongo.

Mama yake alituletea sisi wageni chai. Wao hawakunywa. Nilishika kikombe changu nikashindwa kukinyanyua.

"Mzee," Kocha alianza, bila hata kuuliza habari za ng'ombe, "mtoto lazima ale. Akiendelea hivi mguu hautapona."

Mzee alimgeukia. "Nilipokuletea, mguu ulikuwa mzima."

"Ndiyo, mzee."

"Alikuwa na mashavu."

"Ndiyo."

"Mimi namwona Jumapili moja moja. Wewe unamwona kila siku. Alipoanza kukonda ulimwambiaje?"

Nilimwona Kocha Eliamani akitazama viatu vyake. Angeweza kusema lolote. Mimi nilikuwepo na ningenyamaza. "Nilimwambia amekaa kimbio," akasema. "Nilimsifu mbele ya wenzake."

Mzee alitikisa kichwa taratibu. "Na mimi nilimwambia tufunge. Basi tuko wawili."

Akaniuliza mimi kama nafahamu habari za nadhiri. Nikamwambia nafahamu, na sitathubutu kumfundisha. Nikamwambia tu nilivyoshika mfupa ule, na alivyouma taulo asipige kelele, na kwamba binti hali kwa sababu baba yake hali. Hilo la mwisho nadhani hakulijua. Alimgeukia binti yake wakaongea Kimaasai, maneno machache, naye Nembris akaanza kulia. Kisha mzee akageuka akawatazama ng'ombe wake. Ng'ombe mmoja alikuwa anajikuna kwenye uzio, nikawa nasikiliza hilo tu. Niliogopa kwamba atasema hapana, na niliogopa pia kwamba atasema ndiyo kwa sababu yetu halafu aje kujuta mbele za Mungu wake. Sikujua niombe lipi.

"Yeyo Nembris," alimwita mkewe hatimaye, "lete loshoro."

Mama wa watu alisimama mlangoni. "Leo Jumatano."

"Najua ni Jumatano."

Ikaletwa, mahindi na maziwa mgando kwenye bakuli la bati. Katika boma lile baba hali mbele ya binti yake aliyekua, hula peke yake, na Nembris alipoona mkono wa mzee unakwenda kwenye kijiko aliinamisha macho chini. "Nitazame," mzee alisema kwa Kiswahili, nadhani ili na sisi tusikie. Akala kijiko cha kwanza. Akatafuna, akameza kwa shida kwa ule ukavu. Akala cha pili. "Kama kuna kosa limeanza kwangu. Mungu akiuliza, ataniuliza mimi." Akaweka bakuli kwenye mapaja ya binti yake.

Nembris alishika kijiko. Loshoro ya kwanza ilimwagikia kwenye sketi. Ya pili ilifika.

Mbio za uteuzi zilipita yeye akiwa Oldonyosambu na plasta. Walichaguliwa watatu, mmoja ni yule wa kwenye foleni, na alistahili, alikimbia vizuri sana. Kocha hakuwahi tena kumsifu mtu kwa kukonda, si mbele yangu. Nembris alirudi baada ya miezi, kwanza kutembea, kisha kukimbia nyasini, na siku moja aliingia chumba cha kuchulia akafunga mlango, akaninong'oneza kwamba ameona siku zake. Tulikumbatiana kama waliopata mtoto. Kocha aligonga akauliza kuna nini. Nikamwambia mambo ya wanawake, akaondoka haraka.

Mwaka uliofuata alikimbia uteuzi. Nilikuwa kwenye mstari wa mwisho na taulo. Alimaliza wa nne.

Wapo wanaosema hadi leo kwamba mwaka ule mwingine, kabla ya picha na plasta, alikuwa wa tatu bila shaka, na kwamba mchuaji mmoja mwenye wasiwasi alimnyang'anya timu ya taifa. Siwezi kuwaapia kwamba wanakosea. Mfupa ungeweza kuvumilia siku zile chache. Nimeona mifupa inavumilia. Nimelala nalo hilo mara nyingi.

Ila siku ile alipomaliza wa nne nilimfuata kwenye nyasi na taulo yangu. Watatu waliochaguliwa walikuwa wanapigwa picha. Nembris alikuwa amekaa, miguu ameinyoosha, amevua viatu, jasho linamtiririka usoni. Nilipiga magoti nikaweka kidole kwenye ugoko wake wa kulia, nikashuka nao taratibu mpaka kifundoni, na sikukuta kitu. Aliniacha nimalize.

"Mama," akasema, "nina njaa inaniuma mpaka tumbo linanguruma. Kocha ameleta nini?"

Nilimletea pilau. Alimaliza sahani, akanipa niongeze.